Baridi Isikudanganye: Namna ya Kumkinga Mwenye Ualbino na Jua la Nyanda za Juu Kusini

Mwezi Julai, saa tatu asubuhi, pita mtaa wowote wa Uyole, Mbeya, utawakuta watu wameegemea kuta za nyumba, nyuso kwenye mwanga, wanaota jua. Usiku ulikuwa wa baridi, vidole vimekufa ganzi, na jua ni moto usiohitaji kuni. Mama mdogo wangu aliota jua hilo maisha yake yote. Alikuwa na ualbino. Aliuza viazi kando ya barabara kuu pale Inyala, sweta mbili mwilini, kichwa wazi, jua la alasiri likimpiga upande wa kushoto. Mwaka 2016 likatokea gamba dogo juu ya sikio la kushoto. Akawa analibandua, linarudi. Mwaka 2019 tukamzika. Ilikuwa saratani ya ngozi.

Tangu msiba ule wazazi wenye watoto wenye ualbino hunisimamisha sokoni, wengine hunipigia simu, na maswali ni yaleyale. Huku kwetu ni baridi, jua linamdhuru vipi? Nimpake mafuta gani? Kapelo inatosha? Hiki kidonda si fangasi tu? Nimechoka kuyajibu nusunusu nikiwa nimesimama, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa. Mimi si daktari. Nilichonacho ni mafunzo ya wauguzi wa kliniki ya ngozi wakati nikimsindikiza mama mdogo, na miaka kadhaa ya kumlea mpwa wangu, mtoto wa dada, ambaye naye ana ualbino na sasa yuko darasa la tano.

Nadharia kidogo, kisha kazi

Joto na mionzi ni vitu viwili. Joto unalihisi, mionzi ya UV, yaani ile mionzi ya jua inayounguza ngozi, huwezi kuihisi. Hewa yetu ni ya baridi kwa sababu tuko juu, na kule kuwa juu ndiko kunakoongeza mionzi: kila ukipanda mita 1,000, UV huongezeka kwa takriban asilimia 10, maana hewa ya kuichuja imepungua. Mbeya mjini ipo kwenye mita 1,700 hivi, Iringa kama 1,600, Njombe inakaribia 2,000, na uwanda wa Kitulo unapita 2,600. Anga likiwa jeupe kotekote, mtu wa Kitulo anayetetemeka ndani ya koti anapigwa na mionzi mikali kuliko mvuvi wa Bagamoyo anayetoka jasho. Mawingu mepesi nayo hupitisha hadi asilimia 80 ya mionzi, kwa hiyo ukungu wa Tukuyu usikupe matumaini.

Mtu mweusi ana melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, mwavuli aliozaliwa nao. Mwenye ualbino hana mwavuli huo, au anao kidogo sana. Kinachobaki ni kumtengenezea mwingine.

Vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kofia ya pama, ukingo usiopungua sentimita 8 kuzunguka kichwa chote. Kama huna rula, ni karibu urefu wa kidole cha kati cha mtu mzima.
- Mashati mawili au matatu ya mikono mirefu yenye kola, suruali au sketi ndefu, soksi.
- Losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi, na iandikwe kwamba inakinga UVA na UVB, aina mbili za mionzi ya UV.
- Mafuta ya midomo yenye SPF.
- Miwani ya jua iliyoandikwa UV400.
- Mwavuli. Mweusi, mzito, ule wa mvua.
- Kioo cha mkononi, daftari na simu yenye kamera. Matumizi yake utayaona hatua ya 8.

Kama fedha haitoshi vyote, nunua kwa mpangilio huu: kofia, nguo, na losheni mwisho. Watu wengi huanza na losheni kwa sababu inaonekana ndiyo dawa. Losheni ni ya kuziba pale nguo isipofika, basi.

Hatua ya 1: Jifunze kusoma kivuli

Simu nyingi zinaonyesha kipimo cha UV kwenye programu ya hali ya hewa. Kikifika 3 unapaswa kujikinga, na kwetu hukipita hicho karibu kila siku ya mwaka. Lakini kivuli hakihitaji bando. Simama mahali pa wazi. Kivuli chako kikikuzidi urefu, mionzi ni hafifu. Kikiwa kifupi kuliko wewe, mionzi ni mikali. Mpwa wangu alijua jambo hili kabla hajajua kusoma: kivuli kifupi, ingia ndani.

Kuna mtego mmoja hapa. Maelezo mengi husema jua hufika utosini saa sita mchana. Mbeya si hivyo. Saa tunazotumia ni za Afrika Mashariki nzima, nasi tuko mbali upande wa magharibi, kwa hiyo jua letu hufika juu kabisa karibu saa saba kasoro robo. Ukifuata saa ya vitabu utamruhusu mtoto atoke mapema jioni. Mimi nahesabu muda mkali kuanzia saa tatu na nusu asubuhi mpaka saa kumi na nusu.

Mtego mwingine ni wa miezi. Wengi hujikinga Oktoba kwa sababu ndipo wanaposikia joto, kisha Juni na Julai wanaacha. Ni kweli Oktoba na Februari jua hupita karibu na utosi wetu. Ila wakati wa kipupwe anga huwa jeupe siku nzima, na baridi ndiyo inayomtoa mtu nje. Mama mdogo alichomwa zaidi miezi hiyo.

Hatua ya 2: Panga siku upya

Anza na kuota jua. Usimkataze mtoto halafu umwache anatetemeka ndani, atakushinda tu. Mpe joto lingine: uji wa moto, soksi za sufu, koti, nafasi karibu na jiko la mkaa huku mlango ukiwa wazi ili moshi na hewa chafu vitoke. Akitaka kukaa nje na wenzake, awe upande wa kivuli cha nyumba.

Mtoto mchanga mwenye ualbino asianikwe juani kama wengine. Kina bibi watasema mifupa italegea. Waeleze kwa adabu kwamba ngozi isiyo na melanini hutengeneza vitamini D upesi kuliko ngozi nyeusi, kwa hiyo haihitaji kuanikwa. Ukiwa na wasiwasi, uliza kliniki ya mtoto.

Shambani, kazi ya jembe ifanyike kuanzia alfajiri hadi saa tatu na nusu, kisha tena kuanzia saa kumi na nusu. Katikati yake kuna kazi zisizohitaji jua: kuchambua mbegu za viazi, kupukuchua mahindi, kupanga parachichi kwenye kreti. Kubaliana na familia mapema, tena mbele ya wote. Mtu mwenye ualbino asiyetoka shambani mchana huitwa mvivu, na kwa kuikimbia aibu hiyo wengi hutoka.

Kama anafanya biashara, meza ihamie chini ya mti au turubai zito. Geuza meza ili jua la alasiri limpige mgongoni penye nguo, lisimpige usoni wala sikioni. Jambo dogo hili hakuna aliyetuambia.

Safarini, asikae dirishani upande wa jua. Kioo huzuia UVB kwa sehemu kubwa, lakini UVA hupita. Avute pazia.

Hatua ya 3: Nguo

Nenda soko la Mwanjelwa asubuhi, marobota ya mitumba yanapofunguliwa, utafute mashati ya kazi. Usitazame rangi kwanza. Ingiza mkono ndani ya shati, linyooshe kuelekea juani. Ukiona vidole vyako, rudisha. Ukiona giza, nunua.

Jinzi ni nzuri sana. Kitenge kizito ni kizuri. Shati jeupe jepesi la sare ni baya, na jeupe lililofuliwa miaka miwili ndilo baya zaidi. Rangi iliyokolea huzuia mionzi kuliko iliyopauka, kama kitambaa ni kilekile.

Na sweta je? Hapa ndipo tulipokosea sisi. Sweta ya kufuma ina matundu. Inyooshe juani uone anga lote linavyopita. Mama mdogo alivaa sweta mbili juu ya fulana isiyo na mikono, tukaamini amejifunika. Mabega na mikono yake ya juu vilijaa madoa na magamba kama mtu aliyefanya kazi kifua wazi. Sweta ivaliwe, maana baridi ni baridi, ila chini yake pawe na shati lililopita mtihani wa vidole.

Kitambaa kikilowa, mionzi hupita zaidi. Mvua ikikatika na jua likatoka, abadilishe shati.

Mikono ya shati ifike kwenye kifundo na ibaki hapo. Mtu akianza kazi hukunja mikono bila kujijua. Fundi cherehani anaweza kuweka kitanzi cha kupitisha kidole gumba, shati likafunika mgongo wa kiganja pia. Ni kazi ndogo, na mpwa wangu huringia shati hilo kuliko nguo zake zote.

Hatua ya 4: Kofia

Kapelo haitoshi. Nalirudia kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Kapelo hufunika paji la uso na pua kidogo. Masikio, shingo na mashavu hubaki nje. Ukitembelea wodi ya wagonjwa wa saratani ya ngozi wenye ualbino, tazama vidonda viko wapi: kichwani na shingoni.

Pama ya kitambaa kizito ndiyo yenyewe. Kofia ya ukindu inafaa kama imesukwa kwa kubana. Ile yenye vitundu huacha nukta za mwanga usoni, na kila nukta ni mionzi. Iweke juani, tazama ardhi chini yake. Kama kofia haina kamba ya kidevuni, ishonee, maana upepo wa Makambako hauombi ruhusa.

Wanawake hupenda mtandio. Mtandio unafunika masikio na shingo vizuri, uso haufuniki. Vaa vyote viwili, mtandio chini na pama juu.

Hatua ya 5: Losheni ya jua

Kwanza, isiyo losheni ya jua. Mafuta ya mgando si losheni ya jua. Mafuta ya nazi, alizeti, parachichi, hayo ni ya kulainisha ngozi tu, hayakingi mionzi. Mkorogo na krimu za kung'arisha ni sumu kwa kila mtu, na kwa ngozi hii ndiyo kabisa. Kama chupa haina maneno SPF na namba, usiihesabu.

Kuna mafuta yanayoitwa Kilisun, yanayotengenezwa Moshi katika hospitali ya KCMC mahususi kwa watu wenye ualbino na kugawiwa kupitia kliniki. Ulizia kwenye hospitali yako ya wilaya na kwa viongozi wa Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania, TAS, ili jina la mtoto liingie kwenye orodha. Kuelekea Juni 13, Siku ya Kimataifa ya Kuelimisha kuhusu Ualbino, mara nyingi panakuwa na ugawaji na upimaji. Usingoje siku hiyo kujiandikisha.

Namna ya kupaka:

1. Paka dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka. Ukipaka ukiwa tayari juani umechelewa.
2. Kamua mistari miwili, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye kidole cha kati, kuanzia chini hadi ncha. Hicho ndicho kipimo cha uso na shingo kwa mtu mzima. Watu hupaka robo yake wakidhani wanabana matumizi, na kinga nayo hupungua vilevile.
3. Masikio, mbele na nyuma. Usiyapitie haraka.
4. Shingo kwa nyuma hadi chini ya kola, na kifua pale vifungo vinapoanzia.
5. Migongo ya viganja, na migongo ya miguu kama amevaa kandambili.
6. Mstari wa kichwa pale nywele zinapogawanyika. Kama amenyoa, kichwa chote.
7. Rudia kila baada ya saa mbili, na kila baada ya kunawa, kujifuta jasho au kunyeshewa.

Sasa hesabu. Uso, shingo, masikio na migongo ya viganja vinahitaji kama kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5. Hata mara mbili tu kwa siku ni mililita 10. Chupa ya mililita 100 inaisha siku ya kumi. Kama yako inakaa miezi mitatu, hupaki, unanusa. Na kama ungempaka mtu mzima mwili mzima ungetumia kama mililita 30 kwa mara moja. Ndiyo maana nilisema nguo kwanza.

Watoto wa chini ya miezi sita wasipakwe, kwao ni kivuli na nguo. Tazama tarehe ya kuisha muda. Usiache chupa kwenye dashibodi ya bajaji, joto huiharibu. Na kupaka losheni si tiketi ya kukaa juani mchana kutwa. Hata SPF 50 hupitisha kiasi.

Hatua ya 6: Midomo na macho

Mdomo wa chini hutazama juu, kwa hiyo hupata jua kuliko wa juu. Paka mafuta yenye SPF, rudia baada ya kula. Miwani iwe na maandishi UV400; kioo cheusi kisicho na kinga humfanya afumbue macho zaidi na mionzi iingie zaidi.

Hatua ya 7: Shule

Usimtegemee mtoto ajitetee. Nenda wewe, tena kabla muhula haujaanza, ukaonane na mwalimu mkuu, kisha mwalimu wa darasa. Omba mambo manne, ikiwezekana kwa barua ili mwalimu akihama barua ibaki:

Avae pama na mikono mirefu hata kama si sare. Wakati wa paredi asimame kivulini. Badala ya kazi za nje na michezo ya mchana, apewe kazi ya ndani. Akae mbele karibu na ubao, maana macho ya wengi wenye ualbino huona karibu tu, lakini dawati lisiwe pale jua la dirishani linapoangukia.

Sisi tulikutana na mwalimu wa zamu aliyemvua mtoto kofia mbele ya paredi kwa sababu "wote mnafanana hapa". Alisimama dakika arobaini. Usiku ule malengelenge yalitoka masikioni. Baada ya hapo nilikwenda na picha, nikaziweka mezani, sikuhitaji kusema sana. Tulipatana. Mwalimu yuleyule sasa ndiye anayemkumbusha kupaka losheni saa nne.

Hatua ya 8: Kagua ngozi kila mwisho wa mwezi

Kama ungefanya moja tu kati ya hizi zote, baada ya kofia, ifanye hii. Saratani hii ikikamatwa mapema mara nyingi hukatwa ikaisha. Ikiachwa huingia kwenye tezi za shingo, na hapo ndipo tulipofika sisi.

Chagua siku. Kwetu ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, kabla ya kuoga, mahali penye mwanga wa dirisha. Anza utosini, tenga nywele kwa kitana mstari kwa mstari. Paji la uso, kope, pua, mashavu. Masikio kwa ndani, kwa nje na nyuma, na ukingo wa juu uushike kwa vidole, usiishie kuutazama. Midomo. Shingo yote. Mabega, mgongo, mikono, migongo ya viganja, miguu. Mtu mzima anayejikagua atumie vioo viwili, au amwombe mwenza.

Unatafuta haya:

- Sehemu inayokwaruza kama msasa, hata kama haionekani vizuri kwa macho. Vidole huiona kwanza. Hii bado si saratani, ila inaweza kugeuka.
- Gamba linalobanduka na kurudi palepale.
- Kidonda kisichopona ndani ya wiki nne, au kinachopona na kufumuka.
- Uvimbe unaokua, unaotoa damu ukiguswa, au wenye shimo katikati.
- Doa linalobadilika ukubwa, umbo au rangi.
- Uvimbe mgumu chini ya taya au shingoni.

Ukiona kitu, piga picha na kidole chako au sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Andika tarehe na mahali kwenye daftari. Mwezi ujao linganisha. Daktari akiona picha tatu za miezi mitatu anaelewa upesi kuliko maneno ya "kilianza siku nyingi kidogo".

Kosa letu: gamba la mama mdogo tuliliita fangasi. Tukapaka GV, likawa la zambarau, tukaacha kuliona. Kisha ikaja mizizi ya kusaga. Kisha krimu ya duka la dawa, iliyopunguza wekundu kwa wiki mbili tukafurahi. Miaka miwili ikapita hivyo, kila dawa ikitupa wiki chache za moyo kutulia.

Hatua ya 9: Ukiona dalili, nenda na usiishie njiani

Anza zahanati au kituo cha afya, lakini taja neno. Sema: "Ana ualbino, ana kidonda kisichopona wiki sita, tunahofia saratani ya ngozi, tunaomba rufaa." Ukisema "ana kidonda" tu, utapewa dawa ya kupaka na kurudishwa nyumbani. Rufaa itakupeleka hospitali ya wilaya au ya mkoa, na kutoka huko Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Sehemu zenye ukakasi hugandishwa kwa gesi baridi sana, mara nyingi siku hiyohiyo. Kidonda hukatwa kipande kidogo cha nyama cha kupimwa. Ikihitajika mionzi ya tiba, mgonjwa hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Fedha isipotosha, usigeuze gari. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali, ndiyo inayoshughulikia msamaha wa gharama. Nenda na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa.

Mambo yanapokwama

*Losheni inamwasha.* Macho yakiwasha, usipake karibu na kope, tegemea kofia na miwani. Ngozi ikitoka vipele, osha, acha siku mbili, jaribu aina nyingine kwenye mkono mmoja kabla ya kupaka uso.

*Losheni imeisha na mgao haujafika.* Mfunike zaidi: mtandio, pama, mikono mirefu, mwavuli, na abaki ndani saa za kivuli kifupi. Usizibe pengo kwa mafuta ya kupikia.

*Mtoto hataki kofia, wenzake wanamcheka.* Nunua kofia mbili, moja avae mjomba au kaka. Nilivaa pama msimu mzima kwa sababu hiyo, mtaa mzima ukaniita mzee wa ng'ombe. Yeye akaacha kuvua yake. Na wakimwita zeruzeru, wasahihishe papo hapo, bila ugomvi: ni mtu mwenye ualbino, na ana jina.

*Jua limeshamchoma.* Mwondoe juani, mwoshe kwa maji ya baridi au weka kitambaa kilicholowa, mpe maji ya kunywa. Usipake dawa ya meno, asali wala mafuta. Malengelenge yasitobolewe. Akiwa na homa, au malengelenge yakiwa mengi, hospitali.

*Ameshakuwa mtu mzima, hajawahi kujikinga, je kuna maana?* Ipo. Magamba mapya yatapungua, na yaliyopo yatagundulika mapema. Mtu kama huyu aanzie hatua ya 8, leo.

*Sisi wenye ngozi nyeusi hayatuhusu?* Jua si adui wetu mkubwa kwa kiasi hicho, ila saratani ya ngozi tunapata. Kagua nyayo, viganja na chini ya kucha: doa jeusi linalotanuka au mstari mweusi unaopanuka kwenye kucha uonyeshe hospitali. Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa saratani iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Pia kovu la zamani la moto ambalo limefumuka kidonda kisichofunga, na kwetu huku kwenye mafiga na majiko ya mkaa makovu hayo ni mengi, likaguliwe.

*Wanasema kisu kinasambaza saratani.* Hili ndilo lililotumaliza. Daktari alitaka kukata kipande cha nyama cha kupima. Jirani akasema akikatwa itaenea mwilini. Mama mdogo akaondoka usiku ule, akakaa nyumbani miezi mitano. Kukata kipande cha kupima hakusambazi ugonjwa huu. Ni ganzi, kipande kidogo, nyuzi mbili tatu, na mtu anarudi nyumbani kwa bajaji. Kisha majibu huchukua siku au wiki kadhaa, na hapo ndipo wengi hupotea. Kwa hiyo kabla hamjatoka mlangoni, uliza tarehe ya majibu na uiandike kwenye lile daftari, acha namba mbili za simu, yako na ya ndugu asiyebadilisha laini, na tarehe ikifika nendeni hata kama hamjapigiwa simu, hata kama kidonda kimekauka.